Kifafa cha Mimba si Pepo: Madini ya Chokaa na Walinzi Wake Mwilini



Katika vigango na jumuiya zetu, kuanzia Kaagya hadi pembe za mbali za Muleba, hutokea mama mwenye mimba ya miezi minane akalalamika kwamba kichwa kinamuuma sana na macho hayaoni vizuri. Kisha ghafla huanguka, hukakamaa na kutetemeka mwili mzima. Walio karibu hushikwa na hofu. Mmoja hutaja pepo, mwingine humtaja jirani mwenye husuda, mwingine hukumbuka mizimu ya ukoo. Maneno hayo yanapozungushwa, na anapotafutwa mganga au mtu wa kumwombea, saa zinapita. Ugonjwa huo una jina, nao ni kifafa cha mimba. Na una dawa. Saa zinazopotea ndizo zinazomnyima mama huyo uhai, pengine pamoja na mtoto wake.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi Mwenyezi Mungu alivyoiumba misuli na mishipa ya fahamu itumie madini ya chokaa kama mjumbe wa amri, na jinsi alivyoweka protini za kumlinda mjumbe huyo. Anayeelewa mpango huo ataelewa pia kwa nini mwili hutetemeka pasipo pepo, na kwa nini sindano ya hospitalini hutuliza kile ambacho kelele haziwezi kukituliza.

Mjumbe anayekaa nje ya mlango

Madini ya chokaa, ambayo wataalamu huyaita kalsiamu, tunayajua zaidi kwa sababu ya mifupa na meno. Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 ya hiyo imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki, iliyomo katika damu na katika seli, ndiyo inayoufanya moyo upige, mkono uinuke na wazo lipite kichwani.

Jambo hilo lilianza kufahamika mwaka 1883, wakati tabibu Mwingereza Sydney Ringer alipochunguza mioyo ya vyura jijini London. Moyo wa chura uliowekwa katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba uliendelea kupiga kwa muda mrefu. Yalipotumika maji yaliyosafishwa kabisa, mapigo yalififia na kukoma. Ringer alitambua kwamba maji ya bomba ya London yalikuwa na madini ya chokaa, na ndiyo yaliyouwezesha moyo kufanya kazi.

Ajabu yake ni hii: seli inapopumzika, kalsiamu iliyomo ndani yake ni kidogo mno, ile iliyo nje huizidi takriban mara elfu kumi. Ni kama umati uliosimama nje ya nyumba yenye mlango uliofungwa. Mlango ukifunguliwa kwa muda mfupi tu, umati huingia kwa nguvu, na waliomo ndani hujua mara moja kwamba kuna jambo. Kuingia huko ndiyo ishara yenyewe. Lakini ishara hiyo ina maana kwa sharti moja: mlango ufungwe tena, na walioingia watolewe upesi. Mlango usiofungika hautoi habari, hualika vurugu.

Ghala, mlango na mtumishi wa kurudisha

Kazi hiyo yote hufanywa na protini. Tunaposikia neno protini hufikiria maharage, nyama au samaki. Lakini mwili ukishameng'enya vyakula hivyo, hutengeneza kutokana navyo maelfu ya protini zake wenyewe, kila moja ikiwa na umbo lake na kazi yake.

Tuangalie msuli wa mkono. Ndani ya kila seli ya msuli kuna vyumba vidogo vilivyo kama ghala, na humo kalsiamu huwekwa akiba. Ndani ya ghala kuna protini iitwayo kalsekwestrini, inayoishika kalsiamu kwa wingi bila kuibana sana, ili ikihitajika iachiliwe mara moja. Kwenye ukuta wa ghala kuna protini nyingine ambayo ni mlango. Amri ikifika kutoka kwenye mshipa wa fahamu, mlango hufunguka na kalsiamu humiminika ndani ya seli.

Humo hukutana na protini iitwayo troponini. Ilitambuliwa katika miaka ya 1960 na mtaalamu wa Japani Setsuro Ebashi pamoja na wenzake. Troponini hushirikiana na protini nyingine kuzuia nyuzi za msuli zisishikane wakati wa mapumziko. Kalsiamu ikiigusa, hubadilika umbo na kuondoa kizuizi. Nyuzi hushikana, huvutana, na mkono huinuka. Senene anaporuka kutoka kwenye jani wakati wa msimu wake, msuli wa mguu wake umepata amri kwa njia hiyo hiyo.

Kisha inakuja kazi isiyoonekana, ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Protini zilizo kama pampu huikusanya kalsiamu na kuirudisha ghalani, ili msuli ulegee. Kulegea si uvivu wa mwili. Ni kazi, nayo hutumia nguvu itokanayo na chakula na hewa tunayovuta. Tunaliona hilo tunapowaandaa marehemu wetu kwa maziko. Saa chache baada ya kifo mwili hukakamaa, kwa sababu nguvu imekwisha: pampu zimesimama, kalsiamu imevuja, na nyuzi za misuli zilizoshikana hazina tena uwezo wa kuachiana.

Neva, na neno «pepopunda»

Katika mishipa ya fahamu, yaani neva, kalsiamu hufanya kazi nyingine. Neva moja haigusani na nyenzake moja kwa moja. Katikati yao kuna nafasi ndogo sana. Ujumbe ukifika kwenye ncha ya neva, milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu inayoingia hunaswa na protini iitwayo sinaptotagmini, nayo kwa ushirikiano na protini nyingine husababisha vifuko vidogo vifunguke na kumwaga kemikali zinazopeleka ujumbe ng'ambo. Haya hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Thomas Südhof, aliyechangia sana kufafanua kazi ya protini hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Randy Schekman.

Hapa lugha yetu inatupa somo. Ugonjwa unaomkakamaza mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu tunauita pepopunda. Jina lenyewe limebeba fikra za wahenga: mtoto aliyepinda mgongo na kukaza taya alionekana kuwa ameshikwa na pepo. Leo tunajua kwamba vijidudu vinavyoishi katika udongo huingia kwenye jeraha na kutoa sumu. Sumu hiyo huikata mojawapo ya protini zinazofanya kazi bega kwa bega na sinaptotagmini, hasa katika neva zinazotuliza misuli. Kalsiamu inaingia, lakini amri ya kutulia haitolewi. Msuli hubaki umekaza.

Jina limebaki, ila matendo yetu yamebadilika. Mama mjamzito akienda kliniki huchomwa chanjo ya pepopunda, na hakuna anayesema kwamba amedharau maombi. Tuliweza kuhama kutoka kwenye hofu hadi kwenye maarifa kuhusu pepopunda. Kuhusu kifafa cha mimba, wengi wetu bado tumesimama njiani.

Kinachotokea katika ujauzito

Kuta za mishipa ya damu nazo zina misuli, isiyongoja amri ya utashi wetu. Katika misuli hiyo kalsiamu ikiingia hushikana na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachoifanya misuli ibane. Mishipa ikibana, njia ya damu huwa nyembamba na shinikizo la damu hupanda.

Kifafa cha mimba hutanguliwa na hali ambayo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Chanzo chake kinahusiana na kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha; kondo hilo hutoa vitu vinavyodhuru kuta za mishipa ya damu ya mama. Shinikizo la damu hufika 140 juu ya 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo kwa sababu figo zimeanza kuvuja. Mama anaweza kuvimba uso na mikono. Hali ikizidi, mishipa midogo ya kichwani hushindwa kuhimili, na seli za ubongo huanza kupeleka amri zote kwa pamoja bila utaratibu. Huo ndio mtetemeko tunaouona: ni milango mingi iliyofunguliwa kwa wakati mmoja.

Je, chakula kinahusikaje? Mwaka 1980 watafiti José Belizán na José Villar walieleza jambo lililoonekana miongoni mwa akina mama wa kabila la Wamaya nchini Guatemala. Walikuwa maskini, lakini kifafa cha mimba kilikuwa nadra kwao. Mahindi yao hupikwa kwanza kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, hivyo walipata kalsiamu nyingi katika chakula cha kila siku. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, kuwaongezea wajawazito madini hayo hupunguza hatari ya ugonjwa huu.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kalsiamu hubana mishipa, kwa nini iongezwe? Wataalamu wengi hueleza hivi. Chakula kikipungukiwa na kalsiamu, tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni ya kuichota kutoka mifupani ili damu isipungukiwe. Homoni hiyo, pamoja na nyingine zinazoamshwa nayo, husukuma kalsiamu zaidi ndani ya seli za misuli ya mishipa. Njaa ya nje huzaa msongamano wa ndani. Naye mtoto tumboni anahitaji sehemu yake: hadi kuzaliwa huwa amepokea takriban gramu 30 za kalsiamu kutoka kwa mama yake, nyingi kati ya hizo katika miezi mitatu ya mwisho.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba, mahali penye upungufu katika chakula, mjamzito aongezewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku. Kiasi hicho ni vidonge vingi, na gharama yake ni kubwa. Ndiyo maana utafiti uliofanyika Dar es Salaam una uzito kwetu. Wajawazito 11,000 waliotarajia mtoto wa kwanza waligawanywa katika makundi mawili: wengine walipewa miligramu 500 kwa siku, wengine miligramu 1,500. Matokeo yalichapishwa Januari 2024 pamoja na yale ya utafiti kama huo nchini India. Katika kundi la kipimo kidogo waliopatwa na hali inayotangulia kifafa cha mimba walikuwa asilimia 3.0, na katika kundi la kipimo kikubwa asilimia 2.7, tofauti hiyo ni ndogo, na watafiti waliona kwamba katika kuzuia ugonjwa huu kipimo kidogo hakikuzidiwa. Kuhusu watoto kuzaliwa kabla ya wakati, matokeo ya Tanzania hayakuwa wazi kiasi hicho. Kwa hiyo kipimo hupangwa na mhudumu wa afya, wala si cha kujinunulia dukani kwa kukisia. Na vidonge vya kalsiamu visimezwe pamoja na vile vya kuongeza damu, kwa kuwa huzuiana kufyonzwa. Viachane kwa saa kadhaa.

Meza zetu za Kagera zina neema nyingi, lakini ndizi, tunazozipenda na kuzitegemea, zina kalsiamu kidogo sana. Kinachokamilisha sahani ya ebitoke kiko karibu nasi: dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, na maziwa. Glasi ya maziwa yenye robo lita ina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Mchicha ni mboga njema kwa mambo mengine, lakini kalsiamu yake haifyonzwi kwa urahisi. Usichukuliwe kuwa mbadala wa dagaa. Baba wa familia anayehakikisha kwamba mkewe mjamzito anapata dagaa na maziwa, hata pale vinapokuwa haba mezani, anatimiza sehemu ya ahadi yake ya ndoa.

Sindano inayotuliza

Mama akifikishwa hospitalini na kifafa cha mimba, dawa ya kwanza ya kuzuia mtetemeko ni magnesiamu salfeti. Magnesiamu ni madini yenye tabia ya kushindana na kalsiamu: husimama kwenye baadhi ya milango ya seli za neva na kuzuia umati usiingie ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wajawazito zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mgonjwa aliye katika hatua ya awali kuangukia kifafa.

Anayemsindikiza mgonjwa wodini anaweza kumwona muuguzi akigonga goti la mama kwa kinyundo, akihesabu pumzi zake na kupima mkojo. Huko ni kulinda kipimo. Magnesiamu ikizidi, milango hufungwa kupita kiasi: kwanza goti haliitiki, kisha pumzi hulegea. Na dawa ya kuondoa madhara hayo ni nini? Ni kalsiamu yenyewe, inayotolewa polepole kwenye mshipa. Hata hivyo, sindano haiondoi chanzo cha ugonjwa. Tiba kamili ni kujifungua kwa wakati ambao madaktari watauona unafaa. Na hata baada ya kujifungua mama huendelea kuangaliwa, kwa maana mtetemeko unaweza kutokea siku za baadaye.

Imani haishindani na tiba

Wapo watakaouliza: je, katika Injili Bwana wetu hakumponya kijana aliyekuwa akianguka na kutokwa povu kwa kumkemea pepo? Ndiyo, alimponya. Lakini Kanisa, lililopokea mamlaka kutoka kwake, halijatufundisha kwamba kila aangukaye ana pepo. Katekisimu, katika namba 1673, inaeleza kwamba ugonjwa ni jambo tofauti, ambalo kulitibu ni kazi ya sayansi ya tiba, na kwamba kabla ya ibada ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa. Anayemfungia mama mjamzito ndani ili akemewe usiku kucha hatendi kwa jina la Kanisa.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na kuzipokea dawa kwa kuwa zimetoka katika ardhi aliyoiumba yeye. Katika sura hiyo hiyo anamwagiza mgonjwa asali, na pia ampe tabibu nafasi. Hakuliondoa hata moja kati ya hayo mawili. Ndivyo alivyofundisha pia Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wake wa mwaka 1998 juu ya imani na akili: zote mbili zatoka kwa Mungu mmoja, wala hazipaswi kutenganishwa.

Kwa hiyo aitwe padre, naam. Lakini gari au pikipiki iitwe kwanza. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa haingoji mtu akate roho, na inaweza kutolewa wodini. Jimbo letu lilijenga hospitali, kama zile za Rubya, Kagondo na Mugana, kwa sababu kuponya wagonjwa ni sehemu ya kuhubiri Injili.

Wajibu wa jumuiya zetu

Mwinjili Luka anasimulia kwamba Maria, aliposikia kuwa Elizabeti ana mimba katika uzee wake, alisafiri kwa haraka hadi milimani na kukaa naye takriban miezi mitatu. Nazikabidhi jumuiya ndogo ndogo fumbo hilo la kujia, ili lisiishie kwenye rozari tu. Kila jumuiya iwajue wajawazito wake, iwahimize kuhudhuria kliniki mapema na kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila wanapokwenda, na iwe na mpango wa usafiri wa usiku kabla siku haijafika. Wahitaji uangalizi zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, wenye shinikizo la damu, wenye umri mkubwa, na waliowahi kupata tatizo hili.

Dalili za kumpeleka mama hospitalini siku hiyo hiyo ni kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya kifua upande wa kulia, na uvimbe wa ghafla wa uso na mikono. Akianza kutetemeka, alazwe kwa ubavu wa kushoto, aondolewe vitu vinavyoweza kumuumiza, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani, asifungwe kamba. Kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Na akipona, asinong'onwe kama mtu aliyelogwa. Alikuwa mgonjwa, ametibiwa, na anarudi kwetu kama mama na dada.

Mtunga Zaburi alimshukuru Mungu kwa kuumbwa kwa namna ya ajabu tumboni mwa mama yake, bila kuzijua protini hizi hata moja. Sisi tuliojaliwa kujua machache zaidi tuna sababu zaidi ya kushukuru, na wajibu mzito zaidi wa kulinda uhai. Mama Bikira Maria na Mtakatifu Elizabeti wawaombee wajawazito wote wa jimbo letu, na Mwenyezi Mungu awabariki wakunga, wauguzi na madaktari wanaokesha kwa ajili yao.